Bibi ya Mutumbula

Jumapili, 1 Novemba 1992

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo katikati ya misa. Mabati yalipiga kelele hata padri akakata mahubiri yake, akakaa, nasi tukakaa tukimtazama. Nimerudi nyumbani viatu mkononi.

Naanza kuandika kwa sababu shule imefungwa na sina mtu wa kusemezana naye. Walimu tuko katika mgomo. Wenzangu wengi wamekwenda kulima Lukafu. Mimi ni mjane, sina mtoto, wala shamba sina. Naandika kwa Kiswahili kile tunachofundisha darasani, Kiswahili bora, maana Kifaransa kinanikumbusha mkaguzi wa shule.

Nyumba za kambi hii ya wafanyakazi zimejengwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati. Jirani yangu wa ukuta ni Kapinga. Tangu jana upande wake kimya. Mume wake amepanda treni na watoto wao wawili kwenda Mwene-Ditu, Kasai, kwa ndugu ambao watoto hao hawajawahi kuwaona. Mume na mke wote wamezaliwa hapa Lubumbashi. Lakini tangu mwezi wa nane watu wenye asili ya Kasai wanafukuzwa, Likasi kwanza, halafu miji mingine, na sasa huku kwetu, mtaa huu ndiyo, mtaa ule bado. Mume aliondolewa kazini. Kapinga amebaki kwa sababu dispansari ya kambi haijapata mtu mwingine wa kupima damu.

Nimemsikia akikohoa. Sikugonga.

Alhamisi, 5 Novemba

Mvua. Nimeziba kioo kilichovunjika kwa ramani ya Afrika kutoka darasani.

Jumanne, 10 Novemba

Kapinga amegonga mchana kuomba makaa ya kuwashia mbabula, jiko lake la makaa. Nikampa, nikadhani ataondoka. Akaketi.

Niseme ukweli nilivyomwona miaka yote: mwanamke wa kelele. Anacheka mdomo wazi, anaimba akifua nguo, anaita watoto wake mpaka kambi nzima inaitika. Na ndiye aliyetoboa vidole vyetu sote. Ukiwa na homa unaenda dispansari, Kapinga anakuchoma kidoleni, anapaka tone la damu kwenye kioo na kuliangalia chini ya mashine yake. Watoto walimkimbia njiani. Sisi wawili tulisalimiana, basi.

Leo akaniambia amefunga sanduku moja, maana siku wakija hawatampa nafasi ya kuchagua. Ndani kuna nguo, Biblia, na kaseti ya video. Akaniuliza kama naikumbuka.

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Mwaka 1984 Pierre Kalaba, karani wa ofisi ya kijamii ya kambi, alirudi kutoka masomoni Ubelgiji na kamera begani. Akakusanya watu wa kundi la maigizo, wakapiga filamu siku za mapumziko, msimu mmoja wa mvua kama huu. Iliitwa Bibi ya Mutumbula. Mutumbula ni yule ambaye wazee walituogopesha naye: anakukamata magharibi, anakushusha shimoni, anakunyonya damu mpaka unakuwa mweupe kama unga. Katika filamu ya Pierre mutumbula alikuwa mzee mchovu asiye na meno, na mke wake ndiye aliyeuma. Mke huyo alikuwa Kapinga, msichana wa miaka ishirini wakati huo. Mimi nilishika mwavuli juu ya kamera.

Ilionyeshwa mara moja tu katika ukumbi wa kambi, Jumapili ya mechi kubwa. Walikuja watu wachache, sauti haikusikika vizuri, hakuna aliyeiuliza tena. Miaka mitatu baadaye Pierre akafa kwa ini. Hakuna kaseti nyingine ya filamu hiyo popote duniani.

"Mwalimu," Kapinga akasema kwa Kiswahili cha kambi, "mbele bantoshe humu, natamani nijione tena. Mara moja tu, kiisha niende."

Mimi sina televisheni. Yake iliuzwa mwezi wa tisa. Tulikaa tukaiangalia kaseti yenyewe, plastiki nyeusi juu ya meza, mpaka makaa yake yakafa na ikabidi nimpe mengine.

Jumatatu, 16 Novemba

Kapinga amekuja tena. Ameleta mihogo ya kuchoma.

Jumamosi, 21 Novemba

Bombani asubuhi wanawake walikuwa wakisema kwamba leo jioni vijana watamtoa Kapinga. Nyumba yake imeahidiwa kwa Jeannot.

Jeannot nilimfundisha darasa la nne. Mtoto wa mwandiko mzuri, aliyefuta ubao bila kutumwa. Baba yake, Numbi, alikuwa mlinzi wa ghala, na ndiye aliyeumwa wa kwanza katika filamu ya Pierre; amekufa miaka minne sasa. Leo Jeannot ndiye mkubwa wa vijana wa kambi wanaopita nyumba kwa nyumba na fimbo, wamefunga vitambaa vichwani. Ana mke, Dorcelle, mwenye mimba, na wote wawili wanalala katika jiko la mama yake. Hayo ninayajua. Sikuyasema bombani.

Nilisema jambo lingine. Nilikuwa nimeshika ndoo yangu, nikasikia sauti yangu ikitoka taratibu kama mbele ya darasa:

"Miye siwezi kugusa mulango ya Kapinga. Munasahau ile filme? Pierre mwenye kuipiga eko wapi? Alikufa. Numbi, ule alimuluma wa kwanza, eko wapi? Alikufa. Na kila siku eko nakamata damu yetu ku dispansari. Munajua anaipelekaka wapi?"

Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Maji yakanimwagikia mgongoni.

Jioni hawakuja.

Jumapili, 22 Novemba

Hawakuja.

Alhamisi, 3 Desemba

Mvua siku zote hizi. Vijana wamewatoa watu wa mstari wa nyuma, familia tatu, na mabati yao wamechukua. Mlango wa Kapinga wanauzunguka. Nimemwona mmoja akivuka barabara ili asipite mbele yake.

Nilimwambia Kapinga kwamba watu wanamwogopa kwa sababu ya ile filamu. Sikumwambia nani aliyewakumbusha. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema kama angejua angeuma wengi zaidi.

Jumapili, 13 Desemba

Sasa tunapika pamoja. Leo amepika nshima, ugali wa mahindi uliochanganywa na unga wa mihogo, kwa namna ya kwao, mimi nikaleta samaki wa Pweto kutoka depo ya Mbusa.

Mbusa ni mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Depo yake iko mbele ya lango la kambi: samaki wakavu, unga, chumvi. Ana jenereta na televisheni kubwa na mashine ya kaseti, anaangalia nyimbo za kwaya peke yake. Vijana wakipita tu anashusha mlango wa chuma. Mwoga. Leo alinifungia samaki bila kuniangalia usoni, kana kwamba kuongea na jirani wa Kapinga kunaambukiza.

Kapinga ameanza kuniita yaya, yaani dada mkubwa.

Ijumaa, 25 Desemba

Noeli. Kapinga aliimba nyimbo za Tshiluba akisonga. Hakuna habari kutoka Mwene-Ditu. Baada ya chakula aliweka sahani mbili ndogo mezani, kisha akaziondoa mwenyewe. Nilijifanya naangalia mvua.

Nimeishi na ukuta huu miaka kumi na moja na nilikuwa nikiupiga kwa kiatu ili anyamaze.

Jumanne, 12 Januari 1993

Dispansari ni tupu. Kapinga amesema wiki nzima hakuna aliyetoa kidole. Malaria ya msimu huu ni kali, akasema, lakini watu wanakunywa majani nyumbani. Hakuwa akicheka.

Usiku sikulala vizuri.

Jumatano, 20 Januari

Mtoto wa nyumba ya pembeni amekufa. Msichana wa miaka mitano, Kiki. Mama yake, Mwenze, alinunua mikate kwangu wakati nilipokuwa nikiuza. Mtoto alikuwa na homa tangu Ijumaa, akaanza kutetemeka Jumapili, na Mwenze akamficha chumbani chini ya mablanketi. Nilikwenda matangani asubuhi hii. Nilimkuta Mwenze chini kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka, na alikuwa akirudia neno moja bila machozi:

"Niliogopa sindano yake. Niliogopa sindano yake."

Nilikaa pamoja nao. Sikuweza kula, sikuweza kuondoka. Wanawake wakaanza kusema kwamba hata bila sindano Kapinga alimpata mtoto, kwa ukuta, kwa macho, kwa nguo zilizoanikwa pamoja. Mmoja akanigeukia: "Madame Perpétue ndiye alituonyaka." Wakanitazama kwa shukrani.

Sikusema kitu. Naandika hapa ili kuwe mahali pamoja ambapo imesemwa: Kiki alikufa kwa malaria ambayo tone moja la damu lingeionyesha, na mama yake alimficha kwa sababu yangu.

Nilipotoka, Jeannot alikuwa ananingoja njiani. Hakuwa na fimbo. Alivua kofia kama zamani.

"Madame, ni weye ulisema. Ni kweli ule mwanamuke alikula baba?"

Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha. Ningeweza kusema hapana. Vijana wake wawili walikuwa nyuma yake, na nyuma yao watu wa matanga wamesimama mlangoni. Nikasema niliongea tu.

"Bantu habaongeake bule juu ya benye kufa, Madame."

Akavaa kofia yake akaenda. Nimesikia baadaye kwamba wanatafuta matairi. Hayo si ya kumtoa mtu nyumbani. Kila mtu katika mji huu anajua matairi ni ya nini.

Alhamisi, 21 Januari

Nimekwenda kwa Kapinga kabla ya jua kupanda vizuri, nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyeitwa mbele. Bomba, Pierre, Numbi, damu. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuacha kuchambua.

"Nilizania ile maneno ilitoka ku kinywa ya adui," akasema mwishoni. "Kumbe ilitoka huku ku ukuta."

Nikasema nilitaka kumlinda. Akasema anajua. Akaniuliza jina la mtoto, nikamwambia. Akasema huyo alizaliwa mwezi mmoja na mtoto wake wa mwisho, na kwamba mwaka jana alimpima mara mbili na hakulia. Kisha akaomba niondoke.

Jumapili, 24 Januari

Hakuna sauti ukutani.

Jumatano, 27 Januari

Hakuna sauti. Mvua.

Jumapili, 31 Januari

Kapinga amekuja na kaseti chini ya kitenge. Hakuketi. Alisema: waione. Wote, na Jeannot wa kwanza. Wakiona ni mchezo watajua hakuna aliyeliwa. Akasema mimi ndiye nitakayetafuta mashine, maana mimi ndiye niliyeanza.

Katika kambi yote mashine iliyobaki inayofanya kazi ni ya Mbusa. Nilimkuta akihesabu magunia. Nilijitayarisha kumbembeleza, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. Aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kivu, taratibu, kwamba kila mara vijana wanapopita yeye hushusha mlango kisha husimama nyuma yake gizani akisikiliza, na kwamba amechoka kusikiliza. Leo ni watu wa Kasai, akasema; yeye naye si wa hapa, na akili yake inamwambia zamu inazunguka. Akasema Jumapili ijayo mchana atafungua depo yake na kuwasha jenereta.

Nilimwita mwoga katika kurasa hizi. Sitafuta, lakini naandika na hili.

Jumanne, 2 Februari

Nilikwenda kwa mama yake Jeannot. Nikamwambia kwamba mume wake, Numbi, yumo ndani ya kaseti, anatembea na kusema. Akasema watakuja.

Jumapili, 7 Februari

Walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Walikaa juu ya magunia ya unga, wengine wamesimama mpaka nje chini ya mabati ya baraza. Mwenze alikuja na nguo nyeusi, akakaa pembeni. Vijana walisimama nyuma, Jeannot katikati yao na mama yake mbele. Nje ya mlango, palipo wazi kabisa, niliona tairi mbili zimeegemezwa ukutani. Hakuna aliyezificha.

Kapinga aliingia wa mwisho. Watu walisogea kumpa njia pana kuliko alivyohitaji. Mbusa akaitia kaseti.

Kwanza kioo kilionyesha chenga tu na mistari. Kisha ikatokea kambi yetu. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Barabara imefagiwa, vizingiti vimepakwa chokaa, madirisha ya ukumbi yana vioo vyote, na watu wanapita na baiskeli wakitazama kamera na kucheka. Minong'ono ikaanza: huyu ni fulani, ona, ona, huyu ni marehemu fulani, ona shati lake.

Ndipo mvua ikashuka. Juu ya bati la depo ilikuwa kama lori linamwaga mawe, na sauti ya filamu ikazama yote. Midomo ilicheza bila neno. Vijana wa nyuma wakaanza kuguna. Nikamwona Kapinga akisimama, akaenda kando ya televisheni, na akaanza kusema. Alikuwa akiyakumbuka maneno yote, si yake tu. Alisema ya mutumbula mzee kwa sauti ya ufizi, ya padri kwa pua, ya wanawake wa bombani. Alipaza sauti juu ya mvua, uso wake umetukabili sisi, na pembeni yake uso ule ule, wa msichana, ukifunua meno ya nta ya mshumaa.

Akafika sehemu ya Numbi. Mlinzi anasimama langoni na taa, anamwona mwanamke anakuja. Kapinga akasema maneno yake kwa ile namna Numbi alivyosema, akikwama kwenye neno la kwanza:

"Ma-ma-mama, jua inashaingia, uko natoka wapi peke yako?"

Mama yake Jeannot akaweka mkono mdomoni.

Bibi wa mutumbula akamwuma shingoni. Jino moja la nta likabaki kwenye kola ya Numbi, tukaliona wote, na mtu mmoja akacheka. Numbi akaanguka, akalala chali, amekufa, na kamera ikamkaribia. Pierre hakuwa fundi, aliacha kamera hapo muda mrefu mno. Na tumbo la Numbi, chini ya koti la ulinzi, lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, kama la mtu aliyekula vizuri akalala. Depo nzima ikacheka. Mwenze alicheka, kisha akalia, na wanawake wakamshika. Kapinga mwenyewe alicheka mpaka akakosa kusema maneno yanayofuata.

Jeannot hakucheka. Alikuwa amesogea mbele kupita watu bila mtu kumwona, amechuchumaa karibu na kioo.

"Eko napumua," akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Baba eko napumua."

Filamu ilipokwisha mvua ilikuwa bado. Hakuna aliyeondoka. Niliona kwamba ni wakati wangu, nikasimama juu ya gunia, mimi ninayejua kusimama mbele ya watu, na kwa shida nikasema kwamba maneno ya bombani yalikuwa ya uongo na ya kwangu. Kwamba Numbi alikufa kwa kifua na Pierre kwa ini. Kwamba Kiki angepona kama angepimwa kwa sindano ile. Nilimtazama Mwenze nikisema hayo. Alinitazama bila kupepesa, na bado ananitazama sasa ninapoandika.

Vijana wakamsubiri Jeannot. Aliinuka, akafuta magoti, akaongea na Kapinga kwa upole, karibu kwa heshima.

"Mama, hukukula baba. Nimeona na macho yangu. Lakini nyumba ni maneno ingine. Treni ikikuya, utaenda."

Wakatoka. Wakaziviringisha tairi zao, wakaenda nazo kwenye mvua. Watu wawili watatu walimpa Kapinga mkono. Mmoja akamwambia filamu ni nzuri sana, ingefaa ionyeshwe tena Pasaka. Alikuwa na maana njema, na alijua kama sisi sote kwamba Pasaka Kapinga hatakuwepo.

Jumatatu, 8 Februari

Nilidhani walipocheka yamekwisha. Nimekaa siku nzima nikijaribu kuelewa jinsi mtu anavyoweza kukuchekea jana kwa moyo wote na leo akaja kupima milango yako. Jeannot alikuja kwa Kapinga asubuhi na kamba ya kupimia. Aligonga kwanza.

Jumatano, 3 Machi

Kapinga yuko stesheni tangu wiki iliyopita. Treni haiji. Maelfu wanalala juu ya mizigo, chini ya mahema ya plastiki, maji yanapita katikati yao. Nampelekea chakula kila siku kwa miguu. Leo amenikaripia kwa sababu nimeweka chumvi nyingi, nikafurahi.

Jumanne, 9 Machi

Surua stesheni. Kapinga anamsaidia muuguzi mmoja, na watu wananyoosha mikono kwake bila woga. Hapo hakuna anayemjua.

Jumatano, 17 Machi

Treni imekuja, mabehewa ya mizigo. Watu walipanda kama maji yanayojaza ndoo.

Nilimwambia aniachie kaseti. Njiani kuna unyevu, kuna wezi, Mwene-Ditu hakuna hata mashine labda. Huku ingetunzwa, na watu wake wa kambi wangekuwa wakimwona. Nilisema maneno mengi. Ukweli ni kwamba nilitaka kubaki na kitu chake.

Akalifunga sanduku mbele yangu.

"Hapana, yaya. Weye unabaki na bantu. Miye naenda na hii tu."

Akanikumbatia kwa nguvu. Akaniambia kwa lugha yao "moyo", neno ambalo kwao ni salamu, na kwetu ni moyo. Behewa likaanza kutembea. Sikumwona tena kati ya vichwa.

Alhamisi, 18 Machi

Jeannot na Dorcelle wamehamia. Mtoto alizaliwa Februari, analia usiku. Ukuta hauzuii kitu.

Jumapili, 28 Machi

Mbusa amefunga depo. Amemtanguliza mkewe Butembo, yeye atafuata. Alipita kuniaga, akaniachia samaki.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Mvua haikunyesha.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimekutana na Mwenze bombani. Alisogeza ndoo yake ili yangu ipate nafasi.

Jumapili, 23 Mei

Mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Asubuhi baridi.

Leo baada ya misa Jeannot aligonga. Tangu ahamie tumekuwa tukipishana bila salamu, mimi ndiye nisiyeitikia. Alisimama kwenye kizingiti na mtoto mkononi. Mtoto wanamwita Numbi. Akaniuliza kama anaweza kuomba kaseti siku moja. Kuna mtu katika mtaa wa pili aliyepata mashine. Angependa mama yake aone tena, na mtoto, akikua.

Nikamwambia haipo.

"Iko wapi?"

"Iko Mwene-Ditu. Aliibeba."

Alielewa polepole. Nilimwona akielewa, na nilifikiri nitafurahi. Nilikuwa nimengoja siku ya kumpiga kwa neno hilo. Alitazama chini, akamhamishia mtoto kwenye mkono wa pili. Nikamwambia aingie, kuna upepo.

Alikaa kwenye kiti alichokuwa akikalia Kapinga, kwa kuwa ni hicho tu nilicho nacho cha wageni. Kisha akaniuliza kama barua zinafika kule. Nikasema posta imekufa, lakini makondakta wa treni huchukua, ukiwabembeleza. Akasema mwandiko wake umeharibika, akaomba niandike mimi. Hata mimi sikuwa nimemwandikia Kapinga tangu aondoke. Nilileta karatasi na kalamu, nikamwambia aseme.

Akasema, "Andika: Mama Kapinga, jambo yenu." Nikaandika. Mtoto alilala, jua likafika kwenye miguu ya meza, na bado alikuwa akitazama karatasi kama ubao wenye hesabu ngumu. Nilimwacha. Ndivyo nilivyomfanyia hata darasani, ukimharakisha alikuwa akisahau yote.

"Andika paa lilikuwa linavuja pa chumba ya batoto," akasema mwishowe. "Andika nimeliziba. Halivuje tena."

Nilishika kalamu. Sikujua kama anamwambia arudi, au anamwambia nyumba sasa ni yake. Nilimtazama, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Sikumwuliza. Niliandika vile vile alivyosema, halafu nikageuza karatasi, nikaanza barua ya kwangu.